Maisha ya Hayati Profesa Licklider, Mtaalamu wa Sikio Aliyewaza Mtandao

Askari yeyote aliyewahi kushika simu ya upepo usiku wa mvua, huku injini ya gari ikinguruma kando yake, anaijua shida hii. Sauti inafika, lakini maneno hayafiki. Mwenzako wa upande wa pili anataja jambo la maana, pengine jina la kijiji, pengine idadi ya watu walioonekana wakivuka barabara, nawe husikii ila mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Unamwomba arudie. Anarudia, na wakati unapita. Katika kazi ya ulinzi, wakati unaopita namna hiyo huweza kugharimu uhai wa mtu.

Shida hiyo ndiyo iliyomwingiza mtaalamu mmoja kijana wa Kimarekani katika utafiti wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kutoka hapo, hatua kwa hatua, na bila yeye mwenyewe kujua anakoelekea, alifika kwenye fikra iliyobadili namna wanadamu wanavyofanya kazi wakiwa mbali mbali. Jina lake ni Joseph Carl Robnett Licklider. Rafiki zake walimwita Lick tu, na yeye alilipenda jina hilo fupi kuliko vyeo vyote alivyopata.

Katika mji mdogo wa Kaberebere, wilaya ya Isingiro inayosifika kwa migomba yake, huenda jina hilo halijawahi kutamkwa. Hata hivyo kazi yake ipo hapo. Jirani na mji huo ipo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, iliyoanza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ambamo watu kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na kwingineko huishi pamoja na wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda nzima walihakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na mitambo ya kompyuta iliyounganishwa ndiyo iliyotunza majibu. Mjini Mbarara, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichofunguliwa mwaka 1989 hufundisha vijana elimu ya kompyuta, si mbali na kambi ya jeshi ya Makenke. Mwanafunzi, mkimbizi, askari wa zamu na afisa wa makao makuu, wote hutegemea jambo moja: kwamba kilichoandikwa mahali pamoja kiweze kuonekana, kusahihishwa na kukamilishwa na mtu aliye mahali pengine. Ili kuelewa fikra hiyo ilivyozaliwa yatupasa tuondoke Isingiro na kwenda Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Licklider alizaliwa tarehe 11 Machi 1915 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kibaptisti. Mvulana huyo alipenda kuunda ndege ndogo za mfano, na alipofika umri wa kuendesha gari alinunua gari bovu kwa dola hamsini, si kwa ajili ya matembezi bali kwa ajili ya kulifungua na kulifunga tena hadi alipoelewa kila kipande kinafanya nini. Mwaka 1937 alihitimu Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, tena kwa masomo matatu kwa pamoja: fizikia, hesabu na saikolojia. Wapo waliomwona kuwa ni kijana asiyeweza kuchagua. Kwa kweli mchanganyiko huo ndio uliomfaa maisha yake yote, kwani alikuwa mmoja wa watu wachache walioweza kuzungumza na mhandisi juu ya mitambo na papo hapo kuzungumza na daktari juu ya ubongo.

Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1942 katika Chuo Kikuu cha Rochester, kwa utafiti wa namna ubongo wa paka unavyopokea sauti. Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuingia vitani. Licklider akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye maabara iliyoshughulikia usikivu. Huko walikuwa wakipambana na tatizo la marubani wa ndege kubwa za kudondosha mabomu. Ndani ya ndege hizo kelele za injini zilikuwa kubwa mno, hewa ya juu nyepesi ilidhoofisha sauti ya binadamu, na redio za siku hizo zilikuwa na nguvu haba. Mpiga bunduki wa nyuma alimwonya rubani juu ya ndege ya adui, na rubani asiambulie neno.

Hapa pafaa tukae kidogo, maana jambo alilogundua Licklider linamhusu kila mtu anayetumia simu ya upepo hadi leo.

Sauti ya mtu anayesema ina sehemu mbili. Irabu, yaani a, e, i, o na u, hutoka kwa nguvu nyingi. Konsonanti nyingi, kama vile p, s, f na t, ni dhaifu, hupita kama pumzi tu. Lakini maana ya neno kwa sehemu kubwa imo katika zile dhaifu. Chukua maneno ya Kiswahili sita, pita, vita na lita. Yote yana irabu zile zile, i na a. Mtu aliyezisikia irabu peke yake hajui kama ameambiwa idadi ya watu, ameruhusiwa kupita, ametangaziwa vita au ameombwa lita za mafuta. Kelele za injini huzila konsonanti kwanza na kuziacha irabu.

Watu wa kawaida wangedhani dawa yake ni kuongeza nguvu ya redio. Lakini redio ina kikomo, na kikomo hicho hufikiwa upesi na irabu zenye nguvu, hata konsonanti zisipate nafasi ya kupanda. Licklider na wenzake walijaribu jambo lililoonekana kuwa la kichaa: walikata vilele vya mawimbi ya sauti, yaani walizipunguza zile irabu kwa makusudi, kisha wakaikuza sauti yote iliyobaki. Irabu zilishuka, konsonanti zikapanda. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, haina uzuri wowote wa kibinadamu, lakini maneno yalisikika. Waliendelea kukata na kukata, hadi ikawa hakuna kilichobaki cha umbo la mawimbi ila alama za mahali yanapopanda na kushuka kupita katikati, na bado wasikilizaji waliozoea kidogo waliyaelewa maneno. Walipofanya kinyume chake, wakakata sehemu ya katikati na kuviacha vilele, maneno yalipotea kabisa, ijapokuwa sauti ilikuwa na nguvu.

Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, maisha yote ya Licklider yalikuwa yamo ndani ya jaribio hilo. Hakushughulika na uzuri wa chombo. Alishughulika na kama mtu mmoja amemfahamu mwenzake.

Baada ya vita alibaki Harvard akifundisha na kutafiti. Mwaka 1945 alikuwa ameoa, na ndoa hiyo ilipata watoto wawili. Mwaka 1950 alihamia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambayo kwa kifupi huitwa MIT. Mwaka uliotangulia, Agosti 1949, Urusi ya Kisovieti ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la atomiki, na wakuu wa jeshi la Marekani walikuwa na hofu kwamba ndege za Kisovieti zingeweza kupita juu ya ncha ya kaskazini ya dunia na kuishambulia nchi yao. Kukaanzishwa mpango mkubwa wa ulinzi wa anga uliojulikana kwa jina la SAGE. Rada nyingi ziliunganishwa kwa nyaya za simu na vituo vyenye kompyuta kubwa ajabu, kila moja ikijaza ghorofa nzima ya jengo. Mbele ya kompyuta hizo walikaa askari wa kawaida, kila mmoja na kioo chake chenye kuonyesha ndege kama nukta za mwanga. Askari alielekeza chombo mfano wa bastola kwenye nukta aliyoitilia shaka, akafyatua, na kompyuta ikamwambia habari za ndege ile.

Licklider alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia walioitwa kushauri namna askari na mtambo watakavyoelewana. Msomaji akumbuke kwamba nyakati hizo kompyuta nyingine nyingi zilitumika kwa namna tofauti kabisa. Mtaalamu alitoboa matundu katika kadi, akazipeleka dirishani kama mtu anayepeleka ombi la hati ya kusafiria, akaondoka. Majibu aliyapata baada ya saa nyingi, au kesho yake, na kama alikosea tundu moja alianza upya. Katika SAGE Licklider aliona askari kijana, asiye na shahada yoyote, akiulizana na kompyuta na kujibiwa hapo hapo. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1957 alifanya jambo ambalo makamanda wengi wangelifurahia. Alijichunguza mwenyewe kazini, kama msimamizi anavyochunguza kibarua, akiandika kila siku saa zake zimekwenda wapi. Majibu yalimtia aibu. Kati ya saa alizoziita za kufikiri, asilimia 85 hazikuwa za kufikiri hata kidogo. Zilikuwa za kutafuta takwimu, kukokotoa, kuchora michoro na kupanga makaratasi. Siku moja alitaka kulinganisha majaribio sita ya watafiti mbali mbali kuhusu namna maneno yanavyosikika katikati ya kelele. Kila mtafiti alitumia vipimo vyake. Licklider alitumia saa kadhaa kuviweka katika kipimo kimoja, na vilipokwisha kuwekwa, jibu lilionekana kwa sekunde chache. Afisa wa upelelezi aliyewahi kushinda siku nzima akilinganisha vitabu vya matukio vya vituo vitano, kila kimoja kimeandikwa kwa mtindo wake, atamwelewa vizuri kuliko maprofesa wengi.

Mwaka huo huo alikwenda kufanya kazi na kampuni moja ya wahandisi wa sauti mjini Cambridge, Massachusetts, iitwayo Bolt Beranek and Newman. Aliishawishi kampuni hiyo inunue kompyuta ijapokuwa hakuwa na kazi maalumu ya kuipa. Baada ya hapo kampuni ikapata kompyuta ya kwanza ya aina ya PDP-1, ambayo mtu mmoja aliweza kuketi mbele yake na kuitumia moja kwa moja. Hapo alikaa usiku na mchana. Na mwaka 1960 akaandika makala iliyomtangaza duniani, akieleza kwamba mtu na kompyuta wataishi kama viumbe wawili wanaotegemeana: mtu ataweka makusudi, atauliza maswali na kuamua, kompyuta itafanya ile asilimia 85 ya kazi ya kuchosha. Wakati ule wataalamu wengine walikuwa wakibashiri kwamba karibuni kompyuta zitafikiri badala ya watu. Licklider hakuwabishia kwa kelele, ila aliona kwamba kabla ya siku hiyo kufika kutakuwa na miaka mingi ambayo mtu na mtambo wanapaswa kufanya kazi pamoja.

Oktoba 1962 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilimwita. Wizara hiyo ilikuwa na shirika la utafiti lililoitwa ARPA, lililoundwa mwaka 1958 baada ya Warusi kurusha chombo cha Sputnik angani. Licklider alikabidhiwa dawati la amri na uongozi wa vikosi. Swali aliloulizwa lilikuwa la kijeshi kabisa: kamanda atapataje habari kwa wakati, na atatoaje amri kabla hali haijabadilika? Licklider alijibu kwamba kamanda hawezi kuendesha vita kwa kadi za matundu. Kama mtu wa kawaida hawezi kuuliza kompyuta swali na kujibiwa papo hapo, basi hata jemadari hataweza. Kwa hiyo kulitatua tatizo la jemadari ni kulitatua tatizo la watu wote.

Kwa hoja hiyo alizichukua fedha za ulinzi na kuzipeleka vyuoni. Huko MIT alisaidia kuanzisha mradi mkubwa mwaka 1963, uliopewa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, ili kompyuta moja iweze kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Aliwapa fedha watafiti wa Stanford, wa Berkeley, wa Pittsburgh. Alimsaidia Douglas Engelbart wa California, ambaye baadaye aliuonyesha ulimwengu kile kidude cha kusukuma kwa mkono kiitwacho kipanya. Wengi wa hao hawakuwa na majina makubwa wakati huo. Licklider hakuwapangia kila hatua ya kufanya. Aliwachagua watu, akawaeleza shabaha, akawaachia njia. Si kila mkuu awezaye kuongoza hivyo, na pengine si kila kazi iwezayo kuongozwa hivyo. Lakini kwa kazi ile na watu wale ilifaa.

Hata hivyo aliona hatari. Kila chuo kilikuwa kinajijengea kompyuta yake, lugha yake na desturi zake, hata mtafiti wa Berkeley asingeweza kutumia kazi ya mtafiti wa MIT bila kuanza upya. Aprili 1963 alilazimika kuahirisha mkutano wa watafiti wake huko California, na badala ya mkutano akawaandikia waraka. Kwa mzaha aliwaita wanachama wa mtandao wa kompyuta wa nyota zote za mbinguni. Chini ya mzaha huo palikuwa na swali zito: vyombo vilivyojengwa na watu mbali mbali, visivyojuana, vitaanzaje kuzungumza? Akaeleza kwamba mtu angepaswa kuketi mahali pake na kuweza kuomba programu iliyo chuo kingine, kuitumia kwa takwimu zilizo chuo cha tatu, bila kujua ziko wapi. Waraka huo wa haraka haraka, ulioandikwa kwa sababu ya mkutano ulioshindikana, ndio wanahistoria wengi huutaja kuwa mbegu ya mtandao.

Yatupasa tuseme ukweli: Licklider hakuujenga mtandao wenyewe. Mwaka 1964 aliondoka ARPA akaenda kampuni ya IBM, ambako miaka yake haikuzaa mengi, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ikipata faida kubwa kutokana na zile zile kadi za matundu alizotaka ziachwe. Nafasi yake serikalini aliichukua Ivan Sutherland, luteni wa jeshi mwenye umri wa miaka 26 tu. Baada ya Sutherland alikuja Robert Taylor, ambaye ofisini mwake katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi alikuwa na mashine tatu, moja ya kuzungumza na kompyuta ya Santa Monica, moja ya Berkeley na moja ya MIT, na kila alipotaka kuhama kutoka hii kwenda ile ilimbidi anyanyuke kitini. Taylor ndiye aliyeomba fedha za kuziunganisha mwaka 1966, na Lawrence Roberts ndiye aliyesimamia kazi. Tarehe 29 Oktoba 1969 usiku kompyuta ya Los Angeles ilijaribu kutuma neno la kuingilia kwa kompyuta iliyo karibu na Stanford. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo ukazimika. Baada ya muda wa kama saa moja walirekebisha, wakafaulu.

Kuna hadithi inayosimuliwa hata kambini, kwamba mtandao huo ulijengwa ili amri za jeshi ziendelee kupita baada ya shambulio la atomiki. Mtaalamu mwingine, Paul Baran, alikuwa kweli amefanya utafiti wa jambo hilo, na baadhi ya mbinu zake zilitumika. Lakini mtandao wa ARPA ulijengwa kwa sababu ndogo na ya kila siku zaidi: kompyuta zilikuwa ghali, na watafiti waliojengewa kwa fedha za umma walitakiwa kushirikiana.

Katika mwaka 1968 Licklider na Taylor walikuwa wamechapisha pamoja makala moja ambayo ukiisoma leo utadhani iliandikwa juzi. Walieleza mkutano waliouhudhuria huko kwa Engelbart, ambapo washiriki walikaa kuzunguka meza, vioo vya kompyuta vikiwa katikati yao, na msemaji aliweza kufungua mbele ya wote si maelezo ya jumla tu bali hata takwimu zenyewe alizozitegemea. Kazi ya wiki nzima ilimalizika kwa siku mbili. Wakadai kwamba jambo hilo hilo linaweza kufanyika hata kama washiriki wako mbali mbali, na kwamba siku zitakuja ambapo watu watashirikiana kwa sababu ya mambo wanayoyapenda au wanayoyashughulikia kwa pamoja, si kwa sababu ya kuishi kijiji kimoja. Tena wakauliza swali ambalo wahandisi wengi hawakulijali: je, kuunganishwa na mtandao kutakuwa haki ya kila mtu, au fadhila kwa wachache? Kama ni fadhila kwa wachache, walionya, basi chombo hiki kitaongeza pengo lililopo kati ya watu.

Licklider alikuwa amerudi MIT, na kuanzia 1968 hadi 1970 aliongoza ule mradi alioutafutia fedha. Uongozi wa ofisi haukumfaa sana. Hakupenda kumwambia mtu hapana, na mambo ya bajeti yalimchosha. Ualimu ndio uliomfaa. Mlango wake ulikuwa wazi kwa wanafunzi, na mkononi hakukosa chupa ya soda. Wenzake husimulia kwamba alikuwa na tabia ya kumpa mwanafunzi dokezo dogo, kisha akaendelea kumsikiliza kwa subira hadi mwanafunzi akalifikia jibu na kuamini kwamba amelipata peke yake. Hakuwahi kudai sifa. Wanafunzi wa kikundi chake walijenga vitu vingi, vya maana na vya kuchezea. Mwaka 1977 baadhi yao walitunga Zork, mchezo wa kompyuta uliokuja kupata umaarufu mkubwa. Profesa mwingine angewafukuza kwa kupoteza muda wa mtambo. Yeye aliona ni njia ya kujifunza.

Mwaka 1974 alirudi ARPA kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na safari hii hakufurahi. Vita vya Vietnam vilikuwa vimebadili hali. Bunge la Marekani lilikuwa limetaka kila shilingi ya utafiti wa ulinzi ithibitishwe kuwa na faida ya moja kwa moja kwa jeshi, na huko vyuoni wanafunzi walikuwa wamelalamika kwamba fedha za jeshi hazifai kupokelewa kabisa. Mtu aliyeamini kwamba shida ya jemadari na shida ya mwanafunzi ni moja alijikuta akishukiwa na pande zote mbili. Alirudi darasani.

Katika miaka yake ya mwisho pumu ilimsumbua na mikono ilitetemeka kwa maradhi. Alistaafu mwaka 1985. Tarehe 26 Juni 1990 alifariki dunia huko Arlington, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 75. Mtandao wa ARPA ulikuwa umefungwa miezi michache kabla, baada ya mitandao mikubwa zaidi kuchukua nafasi yake, na intaneti ilikuwa bado haijajulikana na watu wa kawaida hata katika nchi yake.

Katika Uganda watafiti wachache walianza kupelekeana barua za kompyuta katika miaka ya mwanzo ya 1990, kwa nyaya za simu zilizokatika mara kwa mara. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika pwani ya Mombasa mwaka 2009, na baada yake simu za mkononi zikaingiza mtandao vijijini, Isingiro ikiwa mojawapo. Hapo swali la mwaka 1968 likaja na sura ambayo polisi wa Nakivale na Kaberebere waliifahamu. Sheria ilitaka kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho. Wakimbizi wengi walikuwa na karatasi za muda tu, hazikukubaliwa, na wapo waliotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Mtu huyo akiibiwa fedha alizotumiwa kwa simu, hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba ni zake. Na laini ile ikitumika kwa uhalifu, mpelelezi alifika kwa mtu asiyehusika. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilitoa agizo lililowafungulia wakimbizi njia ya kusajili laini kwa hati walizo nazo, kila mtu kwa jina lake mwenyewe.